Viza ya kukaa kwa rafiki Ufaransa na ziara ya uwanja wa vita wa Verdun

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, ninaishi Morogoro. Rafiki niliyesoma naye chuo anaishi na mumewe mjini Nancy, mashariki mwa Ufaransa, na amenialika nikakae kwao siku 20 mwezi Mei. Katika siku hizo ningependa kulala siku mbili hotelini Verdun, nitembelee uwanja wa vita wa mwaka 1916. Je, barua yake ya mwaliko inatosha kuombea viza? Hizo siku mbili za hoteli hazitaharibu ombi? Na ni kweli kwamba wageni huokota vipande vya makombora kama kumbukumbu?

JIBU: Mwalimu, nianze na barua, maana hapo ndipo maombi mengi ya namna hii yanapokwama. Barua aliyoandika rafiki yako, hata akiisaini na kuambatisha nakala ya kibali chake cha kuishi, haihesabiwi kuwa uthibitisho wa malazi. Kinachotakiwa ni hati iitwayo attestation d'accueil, ambayo mwenyeji huiomba mwenyewe katika ofisi ya meya wa mji anaoishi, akilipia stempu ya kodi ya euro 30 ambayo hairudishwi hata ombi likikataliwa. Si lazima awe raia wa Ufaransa, mradi ana kibali halali cha ukaazi. Ofisi hiyo huangalia kipato chake na nafasi iliyopo nyumbani, na inaweza hata kutuma mtu kwenda kukagua chumba utakacholala. Shughuli hiyo huweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo aianze sasa, kabla wewe hujagusa jambo lingine lolote.

Hati hiyo hutakiwa ikiwa halisi. Nimewahi kupokea faili la mteja lililokamilika kila kitu isipokuwa hati hiyo, ambayo aliipata kwa simu kama picha, na safari ikasogezwa mbele ikisubiri bahasha kutoka Ulaya. Ikikufikia, itunze hadi siku ya safari, kwa sababu askari wa mpakani naye anaweza kuidai.

Siku mbili za hoteli haziharibu kitu, ila zisifichwe. Hati ya mwenyeji itaje kipindi chote cha ziara, kisha wewe uambatishe nafasi uliyoweka hotelini pamoja na maelezo mafupi ya ratiba. Tofauti iko kwenye fedha: Ufaransa hukadiria euro 32.50 kwa siku kwa mgeni mwenye hati ya mwenyeji, na euro 65 kwa siku za hoteli. Kwa hesabu yako, siku 18 ni euro 585 na siku mbili ni euro 130, jumla euro 715, ambazo taarifa yako ya benki na uthibitisho wa pensheni vionyeshe bila kubabaisha. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisiwasilishwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Tarehe za tiketi, bima, hati na fomu zilingane zote.

Kuhusu kuokota vipande, jibu ni hapana, na hapa sina mzaha. Mapigano ya Verdun, kati ya Wafaransa na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, yalianza tarehe 21 Februari 1916 yakaisha tarehe 18 Desemba, yakaua watu wapatao 300,000, na ardhi ile bado ina makombora ambayo hayakulipuka, mengine yakiwa na gesi ya sumu. Pita kwenye njia zilizowekwa alama, usiguse chuma chochote ardhini, na usithubutu kutia kipande kwenye begi la ndege.

Maeneo yenyewe yametawanyika vilimani nje ya mji na usafiri wa umma ni haba, hivyo mwombe rafiki yako akupeleke kwa gari. Kijiji cha Fleury hakikujengwa tena. Utatembea juu ya mashimo yaliyoota majani, na vibao vitakuonyesha palipokuwa na shule au tanuri la mikate. Ndani ya ngome ya Douaumont kuna baridi na maji yanadondoka hata wakati wa joto, kwa hiyo chukua sweta. Kama mtu wa historia, utapenda kujua kwamba miongoni mwa walioikomboa ngome hiyo tarehe 24 Oktoba 1916 walikuwamo askari kutoka Senegali na kikosi cha Wasomali walioandikishwa upande wa Djibouti. Karibu na hapo ni jengo lililohifadhi mifupa ya askari wapatao 130,000 wasiotambuliwa, Wafaransa na Wajerumani pamoja. Wengi hupanda mnara wake wakaondoka. Wewe zunguka nyuma, uiname kwenye vidirisha vilivyo karibu na ardhi, ndipo utakapoiona.