Kutoa kwa kukopa: mwache mtoto afungue fungu mwenyewe

Mtoto wa darasa la pili akiandika 42 − 17 = 35, si uzembe. Ameona 2 na 7, akatoa ndogo kwenye kubwa kama alivyozoea. Kwake ile 4 ni nne tu, hajaiona kuwa makumi manne. Ukimwambia "kopa kwa jirani", atajifunza kukata 4 na kuandika 3, na baada ya likizo atakuwa amesahau.

Kwa miaka niliyofundisha madarasa ya mwanzo, kilichonisaidia zaidi hapa ni njiti za chelewa zilizokatwa urefu mmoja, pamoja na rababendi. Vizibo vya soda ni vizuri kwa kuzidisha, maana unavipanga safu 3 za vizibo 4 na mtoto anaona 12. Lakini vizibo havifungiki, na somo la makumi linataka kitu cha kufungwa na kufunguliwa.

Tafadhali usiwaletee mafungu uliyoyafunga jana usiku. Mtoto aliyehesabu kumi na kuzifunga kwa mkono wake anajua ndani mna nini. Aliyepewa fungu tayari huliona kama kijiti kimoja kinene.

Sasa aweke mafungu manne na njiti mbili, umwambie: "Nipe kumi na saba." Fungu moja atakupa upesi. Kisha anatafuta saba, anaona mbili. Hapo nyamaza, hata kama kipindi kinakwenda. Ataangalia mafungu, atakuangalia wewe, halafu ataondoa rababendi. Ana njiti 12, anakupa saba, zinabaki tano na mafungu mawili. Ishirini na tano, na hakuna aliyemwambia akope.

Walimu wengi tunatumia njiti Jumatatu na daftari Jumatano, kisha tunashangaa mtoto haunganishi. Viende pamoja. Waketi wawili wawili, mmoja ashike njiti, mwenzake penseli, wakianza na mamoja. Fungu likifunguliwa, 4 inakatwa na kuwa 3 papo hapo. Njiti zikifika 12, inaandikwa 12. Kisha wabadilishane. Baadaye wachore: mstari mrefu kwa kumi, nukta kwa moja. Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza katika miaka ya 1960 hatua hizi tatu, yaani kutenda, picha, kisha alama. Sisi hupenda kuiruka ile ya katikati.

Darasa likiwa kubwa, kila kundi lipate mfuko wa njiti 50 na lizirudishe kwa kuzihesabu.

Wazazi huniuliza mtoto ataacha lini kuhesabu kwa njiti. Ataacha mwenyewe, zitakapoanza kumchelewesha. Usimnyang'anye, wala usiruhusu wenzake wamcheke.

Na usizitupe. Darasa la tatu kuna 300 − 148, hesabu inayowaangusha hata hodari. Funga mafungu kumi pamoja yawe mia moja, uweke mamia matatu mezani. Mia moja ifunguliwe iwe makumi kumi. Kumi moja ifunguliwe iwe mamoja kumi. Wahesabu makumi yaliyobaki: tisa. Ndipo wanapoona ile 9 inayoandikwa juu ya sifuri imetoka wapi.