Kolslo ya jibini isiyotoa maji

Dada, umeuliza kwa nini kolslo yako, ile saladi ya kabichi mbichi na mayonezi, hujaa maji kabla wageni hawajafika. Mwenye kosa ni kabichi, si mayonezi. Nusu kichwa yatosha watu sita: ikate nyembamba kama ya kachumbari, nyunyizia kijiko cha chai cha chumvi, iache kwenye chujio nusu saa, halafu ikamue kwa mkono. Utashangaa maji yatakayotoka! Karoti moja ikune kwenye matundu makubwa.

Rojo ni mayonezi vijiko vikubwa vinne, mtindi mzito viwili, siki au ndimu kimoja, sukari kiduchu na pilipili manga. Chumvi usiongeze mpaka uonje, maana jibini lina chumvi yake. Mimi natumia cheda, na huikuna ikitoka tu kwenye friji. Ikishapata joto inagandamana mkononi. Mozarela hapana, ikiwa baridi haina ladha kabisa. Changanya, weka kwenye friji saa moja, jibini la kiganja kimoja libakize la kunyunyizia juu wakati wa kupakua. Kwangu inakwenda na kuku wa kuchoma na chipsi.