Maharage yamegoma kuiva Njombe: kosa ni la moto au la debe?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimehamia Njombe mwezi wa pili nikitokea Dar es Salaam. Mwanangu wa darasa la sita amesikia shuleni kwamba Mandela alipenda sana chakula kiitwacho umngqusho, akaambiwa ni kama makande yetu, basi akataka nimpikie. Nililoweka mahindi na maharage mekundu usiku kucha, asubuhi nikayabandika pamoja na nyanya na kitunguu. Mkaa umekwisha, saa nne zimepita, maharage bado kokoto. Jirani akasema tia magadi. Nikatia kijiko kizima. Maharage yakavurugika nje, ndani magumu, na sufuria nzima ikawa na ladha ya sabuni. Dar nilikuwa napika kwa saa moja na nusu, na maharage ni yale yale, nilikuja nayo debe zima. Nimekosea wapi? Na ni kweli chumvi ikitiwa mapema inakaza maharage?

JIBU: Marahaba, mama. Samahani, nimecheka uliposema umebeba debe la maharage kutoka Dar kwenda Njombe. Ni sawa na mtu kwenda Mwanza na kapu la sangara. Lakini jibu lako kubwa limo humo humo kwenye debe.

Ndani ya harage kuna chembechembe ndogo zilizoshikana kwa kitu kama gundi, kinaitwa pektini. Tunaposema harage limeiva, maana yake gundi hiyo imeyeyuka na chembe zimeachana. Adui wa kuyeyuka huko ni kalsiamu, kwa sababu inaikaza pektini. Harage jipya nalo lina kalsiamu, ila imefungwa ndani ya kitu kingine cha mbegu kiitwacho fitati, haina madhara kwa mpishi. Sasa liweke harage hilo miezi mingi mahali penye joto na unyevu, na stoo ya Dar ina vyote viwili. Fitati inavunjika kidogo kidogo, kalsiamu inatoka, inakwenda kushikamana na pektini. Kwa macho huoni kitu. Utagundua jikoni, mkaa ukiwa umeshateketea.

Kisha ukaongeza nyanya mwanzoni. Asidi ya nyanya, ndimu au ukwaju huzuia pektini isiyeyuke. Ndiyo maana mama zetu walikuwa wanachemsha maharage kwanza, wanaunga baadaye. Nyanya ingie harage likiwa tayari linabonyezeka kwa vidole viwili, si kabla.

La tatu ni mlima. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Dar maji huchemka kwenye nyuzi 100; huko uliko huchemka kwenye nyuzi 93 au 94 hivi, na ukichochea moto namna gani hayapandi zaidi, yanakauka tu. Nyuzi hizo sita au saba ni nyingi kwa harage. Dawa ya mlima ni presha kuka, ambayo huyafikisha maji nyuzi 115 na kuendelea. Kama huna, jihesabie muda mrefu na usilaumu mkaa.

Chumvi imesingiziwa. Mimi mwenyewe nilifundisha wanafunzi wangu kwa miaka kwamba chumvi hutiwa mwisho, maana ndivyo nilivyofundishwa. Ukweli ni kinyume: sodiamu iliyomo kwenye chumvi huingia na kuchukua nafasi ya kalsiamu kwenye ganda, na ganda linalainika bila kupasuka. Loweka maharage yako kwa kijiko kimoja kikubwa cha chumvi kwa kila lita ya maji, usiku kucha, kisha mwaga, suuza, ubandike kwa maji mapya.

Kumwaga maji hayo si uzembe. Maharage mekundu mabichi yana lektini, protini yenye sumu inayotapisha na kuharisha ndani ya saa chache, hata kwa punje chache tu. Kuloweka huipunguza, na kuchemsha kwa nguvu walau dakika 10 huivunja. Moto mdogo usiofikisha mchemko hauivunji. Wenye kutumia kapu la kuhifadhi joto wasikie hapa: chemsha kwanza sana, ndipo ufunike kapuni.

Magadi sasa. Kikemia jirani yako hakukosea. Magadi, yale yachotwayo kwenye maziwa kama Ziwa Natron na Ziwa Magadi, ni alkali, yaani kinyume cha asidi, na alkali huyeyusha pektini haraka. Ila kijiko kizima! Ndiyo hiyo sabuni uliyoionja. Ganda liliyeyuka kabla moyo wa harage haujapata joto la kutosha. Tena alkali huharibu vitamini B1, ambayo ni moja ya sababu za kula maharage. Na magadi ya huku kwetu kaskazini yana madini ya floridi kwa wingi mara kwa mara. Meno ya kahawia unayoyaona Arusha na Kilimanjaro chanzo chake kikubwa ni floridi ya maji ya kunywa, na magadi ya chakula huongezea juu yake. Wewe una mtoto ambaye meno yake bado yanaota. Mimi nyumbani kwangu siweki. Ikibidi sana, robo ya kijiko cha chai ya soda ya kuokea kwa nusu kilo ya maharage inatosha, wala usiongeze.

Tuje kwa Mandela. Alizaliwa Mvezo mwaka 1918 akakulia Qunu, kwenye vilima vya Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, na umngqusho ni chakula cha Waxhosa wa huko. (Hiyo q ni mlio wa ulimi kubanduka kwenye kaakaa. Mwache mtoto ajaribu, utafurahi.) Mtoto umwambie pia kwamba katika gereza la Robben Island, alikofungwa Mandela, chakula kiligawiwa kwa rangi, na wafungwa Waafrika walinyimwa mkate waliopewa Wahindi na machotara.

Lakini umngqusho si makande kamili, na hapo kuna siri ya jikoni. Mahindi yake hutwangwa kwanza mpaka ganda litoke na punje ivunjike. Ndugu yake wa karibu zaidi ni muthokoi wa Wakamba wa Kenya, kuliko githeri ya Wakikuyu, ambayo mahindi yake hubaki na ganda. Ganda la hindi kavu ni gumu sana. Kwa hiyo tafuta mahindi yaliyokobolewa, sokoni Njombe huyakosi, uyaloweke chombo tofauti na maharage. Yakiwa mazima yenye ganda, yatangulie jikoni saa nzima kabla ya maharage.

Maharage nunua hapo hapo ya msimu huu, ya madoadoa, ndiyo yanayofanana na yanayotumiwa kule. Chemsha yote mpaka yabonyezeke, tia chumvi na mafuta au siagi kidogo, acha yajikaange kwenye urojo wake kwa moto mdogo. Kitunguu na viazi hiari yako.

Debe la Dar usilitupe. Loweka kwa chumvi saa 12, bandika kwenye presha kuka dakika 45 tangu ianze kupiga mluzi, uyafanye maharage ya kuponda kwa nazi. Tui zito litie mwisho kabisa, usiache lichemke kwa nguvu, lisije likakatika.