Spidi ya kuchimba iandikwe na mashine, sio kumbukumbu zako za jioni

Ndugu zangu mnaochimba visima huku Dodoma, hili la kuandika spidi naomba tuliongee vizuri. Nilipoanza nilikuwa msaidizi kwenye rigi, yaani mtambo wa kuchimbia, kazi yangu kushika daftari na simu, kila mita ikiisha naandika dakika. Sasa piga picha jua la Oktoba kule Chamwino, vumbi la kompresa limejaa machoni, fundi mkuu anakutuma ukafuate spana, unarudi unakuta rodi (vyuma virefu vya kuchimbia) imeshazama mita 4. Unafanyaje, unagawanya! Dakika 48 kwa 4, unajaza 12, 12, 12, 12, daftari linapendeza kweli.

Kumbe ndani ya zile mita 4 kulikuwa na ufa, nyundo ya kuvunjia mwamba ilishuka chap kipande kidogo tu. Maji ya juu yalishaanza kutoka kwahiyo hakuna aliyeshtuka yalipoongezeka. Itale yetu, yaani graniti, haishiki maji yenyewe, maji yako kwenye nyufa na kwenye mwamba uliooza. Sisi pale kwenye ufa tukashusha bomba lisilo na matundu, skrini, lile bomba la matundu ya kuingizia maji, ikaenda kukaa kwenye jiwe gumu. Kina mama walikuja na ndoo zao wakarudi nazo nusu, inaniuma mpaka leo.

Wenzetu wa visima vya mafuta walishaachana na daftari zamani, walifunga kebo ikishuka na mtambo kalamu inachora kwenye karatasi inayozungushwa na saa, siku hizi sensa (kifaa cha kupimia) inahesabu mzunguko wa winchi na kompyuta inaandika yenyewe. Spidi ikiruka ghafla wanasimamisha kuchunguza, huenda wamegusa mwamba wenye mafuta au gesi.

Ukifunga sensa kwenye rigi yako iweke irekodi kila sentimita 10, halafu ihakiki kwa futi kamba. Hapa wengi wanakosea: wakati wa kuunga rodi kichwa cha rigi kinachoshika rodi kinapanda na kushuka, sensa nayo inahesabu, unapata kina cha uongo. Ihesabu pale tu biti, ncha inayokata mwamba, inapopita kina cha mwisho ulichofikia. Na rekodi presha ya hewa pia, maana presha ikipungua, au biti ikiisha meno, spidi inashuka ukadhani mwamba umebadilika.

Huna hela ya sensa? Piga alama kwenye rodi kila sentimita 50, tega simu kwenye stendi irekodi video, pawabenki pembeni. Alama piga kwa rangi ya mafuta, chaki inafutika maji yakianza kuruka.