Maswali ya Wasafiri: Kupanga Nyumba Ukingoni mwa Mchanga wa Bidiyah

SWALI: Assalaam aleikum. Tunatoka Unguja kwenda kuwaona ndugu zetu Muscat mwezi wa Desemba. Tuko watu wazima sita na watoto wanne, na tunataka kulala siku mbili kwenye nyumba ya kupanga kule kwenye jangwa la mchanga la Sharqiya, Oman. Picha zote tunazotumiwa ni nzuri. Tuchague kwa kuangalia nini?
Mama watoto, Unguja

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Wakati mmeupata: msimu wa mchanga ni Oktoba hadi Machi. Kuanzia Mei joto la mchana hupita nyuzi 40, na watoto hawatatoka ndani.

Kwa familia yenye watoto tunasema bila kusita: pangeni istiraha, yaani nyumba ya mapumziko yenye ukuta, ukumbi na bwawa, iliyo upande wa mji wa Bidiyah wenyewe, ukingoni mwa mchanga huo, maeneo ya Al Mintirib au Al Wasil. Huko lami inafika karibu na mlango, na tuta la kwanza la mchanga liko nyuma ya nyumba. Kambi za ndani ya mchanga ni nzuri, lakini mtoto akishikwa na homa usiku, hamtoki bila gari la 4x4 na dereva anayeijua njia. Laleni ukingoni, kisha jioni moja kodini gari na dereva wa hapo hapo awapeleke juu ya matuta kuona jua likizama.

Kabla ya kutuma arubuni, mwombeni mwenye nyumba alama ya mahali kwenye ramani ya simu. Fungueni picha ya setilaiti mpime wenyewe umbali kutoka lami hadi getini. Muulizeni waziwazi: gari dogo linafika mlangoni? Akijibu "karibu sana", hajajibu. Asiyetaka kutoa mahali mpaka alipwe, achaneni naye. Mwombeni pia video ya leo, siyo picha, akianzia getini hadi jikoni na bwawani.

Hesabu ya kulala ndiyo inayowaumbua wengi. Tangazo likisema "watu 15", mara nyingi wamehesabiwa wanaolala kwenye magodoro ya sakafuni ukumbini. Ulizeni vitanda vingapi, magodoro mangapi, na mablanketi mangapi. Mablanketi yana uzito wake, kwa sababu jangwa halishiki joto: mchana wa Desemba mtavaa nguo nyepesi, usiku nyuzi zinaweza kushuka hadi 12 au chini yake, na mgeni wa Unguja atatetemeka.

Maji: ulizeni tangi ni la lita ngapi na hujazwa na nini. Watu 10 wakitumia lita 80 kila mmoja kwa siku, siku mbili ni lita 1,600. Tangi la lita 1,000 linalojazwa na boza litakauka katikati ya likizo, tena Ijumaa, siku ambayo kumpata dereva wa boza ni kazi. Maji ya kunywa nunueni dukani mkiwa njiani, lita 4 kwa mtu mzima kwa siku. Bwawa nalo: kina chake, kama lina uzio, na kama maji yanapashwa moto. Bila kupashwa, Desemba watoto wataingiza miguu tu. Bila uzio, wapangeni watu wazima zamu ya kukaa bwawani, mtu kwa jina lake. "Sote tunaangalia" maana yake hakuna anayeangalia.

Mwisho, wikendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, na bei hupanda kuanzia Alhamisi jioni. Mkienda Jumapili hadi Jumanne mtalipa kidogo na matuta yatakuwa matulivu. Ulizeni saa ya kuingia na kutoka, kwani istiraha nyingine hukodishwa kwa mchana tu bila kulala.

SWALI: Nimekodi gari la 4x4 Muscat. Naweza kuliingiza mwenyewe mchangani?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu yetu, anza na mkataba. Mikataba mingi ya magari ya kukodi huiondoa bima pale tairi linapoacha barabara. Ukipindua gari kwenye tuta, gharama yote ni yako. Kama mkataba unaruhusu, usiende gari moja. Nenda na mwenyeji mwenye gari la pili, mkanda wa kuvutia gari, koleo, geji ya kupimia upepo wa tairi na pampu ya upepo.

Upepo wa tairi ndio kila kitu. Kwenye lami ni kama PSI 35 (PSI ni kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye geji). Kabla ya mchanga shusha hadi 18, na mchanga ukiwa laini mno, 15. Tairi lililolegea hutandaza unyayo wake, uzito ukagawanyika, gari likapita juu badala ya kuchimba. Upepo ukiwa mdogo namna hiyo usikate kona kwa ghafla, tairi litachomoka kwenye rimu. Zima pia kidhibiti cha kuteleza, kwa sababu kikihisi tairi linazunguka hukata nguvu ya injini, na ukikatwa nguvu katikati ya mpando umekwama.

Ingia asubuhi. Saa sita mchana jua liko utosini, matuta hayana kivuli, na jicho halioni tuta linakatikia wapi. Panda na kushuka wima, kamwe si kwa ubavu, hapo ndipo magari yanapopinduka. Ukitaka kusimama, ondoa mguu kwenye mafuta, mchanga utakusimamisha wenyewe. Breki hurundika mchanga mbele ya matairi. Simama pua ya gari ikielekea chini.

Ukikwama, acha mafuta papo hapo, kwani kila mzunguko wa tairi unazidi kuzamisha gari. Shusha abiria, fukua mchanga kwenye matairi yote manne na chini ya tumbo la gari, shusha upepo hadi 12, kisha rudi nyuma polepole ukifuata alama ulizojia, maana huko mchanga umeshashindiliwa. Simu ndani ya mchanga hukosa mtandao mahali pengi, kwa hiyo mwachie mtu wa nyumbani njia na saa ya kurudi. Polisi wa Oman ni 9999.

Ukifika lami, jaza upepo kabla ya kukimbia. Tairi la PSI 15 kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa hujikunja ubavuni kila mzunguko, linapata moto na kupasuka. Mafundi matairi wa Al Mintirib wanaijua kazi hii. Na usisafiri usiku kama huna haja: ngamia huvuka barabara, na taa zako zinamkuta akiwa karibu mno.

SWALI: Tunakwenda kwa ajili ya nyota. Twende lini?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Tazameni kalenda ya Kiislamu. Kuanzia tarehe 27 ya mwezi mwandamo hadi tarehe 3 ya unaofuata, mbingu ni giza. Subirini saa moja na nusu baada ya jua kuzama na mzime taa za uwanjani. Asubuhi kung'uteni viatu, nge hupenda kulala humo.

SWALI: Kuna maji ya kuogelea karibu?
Mama watoto tena

JIBU: Wadi Bani Khalid, mama, bonde lenye maji, safari fupi kwa gari kutoka Bidiyah, barabara ya lami. Ogeleeni na nguo za stara, mabega na magoti yafunikwe. Angalieni utabiri kabla ya kuondoka: mvua ikinyesha milimani, maji hushuka kwa kasi hata pale mlipo pakiwa na jua kali. Bonde likianza kutiririka juu ya barabara, msivuke. Ni kosa kisheria, na gari huchukuliwa na maji hata kama yanaonekana kuishia magotini.