Mfumo wa chama: kuandika upya au kuunganisha vilivyopo?

Ndugu, nimekuelewa: chama chenu kina wanachama 300, mnataka mfumo wa akiba na mikopo unaopokea M-Pesa, na fundi wenu mmoja anataka kuandika kila kitu mwenyewe. Leja, yaani sehemu ya kutunza hesabu za akiba na mikopo, asiiandike. Riba, marejesho na kubatilisha muamala uliokosewa tayari vimo ndani ya Apache Fineract, programu huria isiyolipiwa leseni.

Nguvu zake aziweke kwenye kiungo cha M-Pesa, maana hapo ndipo hesabu huharibika. Daraja, API ya Safaricom (njia ya programu yenu kuwasiliana na M-Pesa), hutuma jibu la malipo kwenye seva yenu. Likipokelewa mara mbili, mwanachama anaandikiwa akiba maradufu. Lisipofika, amelipa lakini salio halijasogea. Kwa hiyo namba ya risiti isiruhusiwe kujirudia kwenye hifadhidata, na programu iulizie yenyewe Daraja kuhusu miamala iliyokwama. Kiasi cha fedha kihifadhiwe kwenye hifadhidata kama DECIMAL, aina ya namba inayotunza desimali kamili, kamwe si FLOAT, aina ya makadirio ambayo hupotosha senti.

Fineract imeandikwa kwa Java, lugha ya kuandikia programu. Kama fundi anajua lugha ya PHP tu, tafuteni wa kuitunza kwanza. Kisha iendesheni mwezi mzima sambamba na daftari, wanachama 10 tu. Kabla ya kuhamisha mikopo, mkaguzi wa hesabu alinganishe salio la kila mmoja.