Mguu unaruka bila kusubiri ubongo

Umeuliza kwa nini mguu unaruka wenyewe daktari akigonga chini ya goti, ilhali hujaamua kuusogeza. Ni kwa sababu amri hiyo haitoki kwenye ubongo. Inatoka kwenye ugwe mgongo, lile fungu nene la neva linalopita ndani ya uti wa mgongo.

Nyundo inabonyeza kano, kano inavuta kidogo msuli wa mbele ya paja. Ndani ya msuli kuna vihisio vya mvutano. Vikinyooshwa, hupeleka taarifa kwa neva ya hisia inayoingilia upande wa nyuma wa ugwe mgongo. Humo inakutana moja kwa moja na neva ya mwendo, inayotokea upande wa mbele na kurudi kwenye msuli uleule. Makutano ni hayo tu, ndiyo maana ni haraka hivyo! Neva ya mwendo ikifika kwenye msuli humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, na msuli unajikaza.

Kinachonivutia zaidi ni hiki: tawi jingine la neva ileile ya hisia huamsha neva ndogo ya kati, ambayo kazi yake ni kuutuliza msuli wa nyuma ya paja. Bila hivyo misuli hiyo miwili ingeshindana.

Ubongo hupata habari baadaye kidogo. Goti likiruka upande mmoja na upande wa pili likakataa, daktari huanza kuzichunguza neva za kiuno, hasa ya 3 na ya 4.